Mpui Kati ya Maziwa Mawili: Uvue Wapi, Uvue Mara Ngapi

Mtu wa Mpui akitazama ramani ya Mkoa wa Rukwa hujiona tajiri wa maji. Magharibi kuna Ziwa Tanganyika, mashariki Ziwa Rukwa, na mito ya Ufipa imegawana pande hizo mbili: mingine inashukia Tanganyika, mingine inapeleka maji yake Rukwa. Akiikunja ramani anakuta bado amesimama kwenye baridi, katikati ya mahindi na maharage, na ziwa lolote atakalolitaka liko chini yake kwa karibu mita 1,000. Ushauri wa uvuvi unaowafaa watu wa Kigoma au Mwanza, ambao wakitoka nje ya nyumba wanaona maji, hapa haushiki.

Ninaowaandikia ni wale wanaovua kwa kujifurahisha: mwalimu aliyefunga shule, fundi cherehani, kijana wa bodaboda, mkulima ambaye magunia yameshaingia ghalani. Samaki akipatikana ni kitoweo. Asipopatikana, nyumbani kuna maharage. Kosa ninaloliona kwao ni kwamba hamu yote ya mwaka wanaiweka kwenye safari moja ya Kasanga. Wanachangishana, wanakodi gari, wanafika saa tano jua likiwa limeshakuwa kali, wanatupa ndoana mpaka saa tisa, halafu wanapita mwaloni kununua migebuka ya kwenda kuonyesha nyumbani. Mwaka umekwisha hivyo, na hakuna aliyejifunza kitu zaidi ya bei ya migebuka.

Uvuvi wa ndoana hufunzwa na kurudia. Urudi kwenye maji yaleyale, ukingo uleule, mpaka ujue kambale analala chini ya mzizi upi na perege anasogea saa ngapi. Kwa hiyo ushauri wangu ni huu: maji ya karibu uyaendee mara nyingi, ziwa uliendee mara chache na kwa tarehe uliyoichagua kwa akili.

Mara nyingi ni ngapi? Marekani, ambako serikali huwahesabu wavuvi wa burudani kila baada ya miaka kadhaa, hesabu ya mwaka 2016 ilipata wavuvi milioni 35.8, na kwa wastani kila mmoja alivua siku 13 kwa mwaka. Milioni 30.1 kati yao walivua maji baridi. Hao ni watu wenye magari, maboti ya kukokota na barabara inayofika hadi majini. Kama wao siku 13 zinawatosha, mtu wa Mpui mwenye shamba asijione mvivu akipata siku moja kwa mwezi. Ajiulize tu siku hizo anazitumia wapi.

Anza na maji unayoweza kuyafikia kwa miguu au baiskeli na ukarudi kabla ya chakula cha jioni: vijito vya uwandani, malambo ya kunyweshea ng'ombe, mabwawa ya watu wanaofuga samaki. Samaki wa huko si wakubwa. Vijitoni kuna vidogo vyenye vindevu, urefu wa kiganja au pungufu, na kambale aliyejificha penye kivuli. Kwenye malambo na mabwawa kuna kambale na perege. Huhitaji fimbo ya dukani. Mwanzi mkavu, mshipi mwembamba wa nailoni, ndoana ndogo, chubwi nyepesi na kipande cha kandambili kuukuu kwa boya, umemaliza. Wengi wananunua ndoana kubwa wakidhani itawaletea samaki mkubwa. Mdomo wa perege ni mdogo. Ndoana kubwa inamlisha chambo chako bure na kumwacha aende zake. Chambo chenyewe kiko shambani: minyoo ya penye samadi, panzi, na kumbikumbi msimu wao ukifika. Tonge dogo la ugali uliokandwa vizuri linafaa sana kwa perege wa bwawani, kwa kuwa wengi wao wamelelewa kwa pumba.

Halafu kuna baridi, na hapa ndipo uwanda wetu unapowadanganya watu. Perege ni samaki wa joto. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20 hivi, hula kidogo sana. Juni na Julai, asubuhi yenye umande mzito, anayedamka alfajiri kwa sababu kaambiwa samaki hula alfajiri anajitesa bure. Miezi hiyo lala, unywe uji, uende saa sita hadi saa tisa mchana. Kaa upande ambao jua limeupiga tangu asubuhi, penye maji mafupi, kwa maana hapo ndipo joto linapojikusanya. Ikifika Septemba na Oktoba, joto likipanda, geuza saa zako: asubuhi mapema, kisha jioni kuanzia saa kumi na moja.

Bwawa la mtu ni mali ya mtu, hata kama halina uzio. Nenda kwa mwenyewe siku moja kabla, umsalimie, mkubaliane: unavua na kulipa kwa kilo, au unalipa kiingilio na kurudisha samaki wote? Wafugaji wengi wa samaki hawajawahi kufikiria kwamba kuna mtu atakayelipa ili avue mwenyewe, na nadhani ni biashara inayowapita. Lambo la kijiji ni la kijiji, kwa hiyo mwenyekiti wa kitongoji apate habari. Na usisimame pale ng'ombe wanapoingilia kunywa saa ambayo wachungaji wanawaleta. Mtaishia kugombana, na maji yatakuwa yamevurugika.

Mvua za kwanza zinapoanza, Novemba kwenda Desemba, kambale hupanda vijito na kuingia kwenye mabonde yaliyofurika ili kutaga. Watu humfuata kwa mikuki na mapanga, na kelele zao husikika mpaka barabarani. Simkatazi mtu kitoweo, lakini huyo anayechomwa mkuki ana tumbo limejaa mayai, na ndiye angelijaza lambo la mwaka kesho. Anayevua kwa kujifurahisha anaweza kusubiri wiki kadhaa. Maji yatakuwa bado na tope, na tope halimzuii kambale hata kidogo: hutafuta chakula kwa sharubu na harufu kuliko kwa macho. Mtegee minyoo mingi kwenye ndoana moja au utumbo wa kuku, chambo kilale chini kabisa, jua likizama. Ukimpata mkamate nyuma ya kichwa na ujihadhari na miiba ya mapezi ya ubavuni, maana kidonda chake huuma siku kadhaa. Ana kiungo cha kupumulia hewa, kwa hiyo kwenye gunia lenye majimaji hufika nyumbani mzima. Kwa nyumba isiyo na friji hiyo ni faida kubwa.

Mito mikubwa ya pande zetu ni Kalambo na Momba, bila kusahau vijiziwa kama Kwela na Sundu. Kalambo unashukia Tanganyika, na kabla ya kufika unaanguka kwenye maporomoko ya zaidi ya mita 200 mpakani na Zambia. Samaki wa ziwani hawezi kuupanda ukuta ule, kwa hiyo anayevua juu ya maporomoko asitegemee kuhe wala mgebuka. Atapata samaki wa mtoni kama wa kwetu. (Kando ya mto huohuo wanaakiolojia walifukua magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na watu miaka kama 476,000 iliyopita, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Kukaa ukingoni mwa maji hakukuanza na sisi.) Momba unakwenda Rukwa. Yote miwili ni mizuri baada ya mvua kukatika, Mei na Juni, maji yanapokuwa yameanza kusafika na bado yana kina. Iendee mara mbili tatu kwa mwaka, na usiende peke yako.

Kuhusu Ziwa Rukwa nitasema ninachokiamini, na watu wa bondeni wanisamehe. Ziwa lile halina mto unaotoka. Maji huingia na kuishia kukaushwa na jua, kwa hiyo ni fupi kwa kina na ukingo wake huhama: mwaka huu uko hapa, mwaka ujao umesogea. Kwa mvuvi wa kusimama ukingoni maana yake ni matope na matete, na ndani ya matete kuna mamba na viboko. Wavuvi wa kule wanaoishi na hatari hiyo kila siku wanajua pa kukanyaga. Wewe uliyeteremka asubuhi hujui. Samaki wapo, gege na kambale wengi tu. Sehemu ya ziwa pia imo ndani ya Pori la Akiba Uwanda, ambako huingii bila kibali. Ukishuka kwa barabara ya Kalambazite hadi Ilemba, au ile ya Ntendo kwenda Muze, furahia mteremko, kula gege wa kukaanga, nunua wa kupeleka nyumbani, urudi. Ndoana iache Mpui.

Tanganyika ndiyo safari yenyewe, na hapo nitakaa zaidi.

Njia iliyo rahisi kwetu ni kurudi Sumbawanga, kushika lami ya Matai hadi Kasanga, kilomita 112 kutoka mjini. Wapo wanaopenda Kipili na Kirando, upande wa Nkasi, kwa sababu ya visiwa na maji yaliyojikinga na mawimbi. Ni pazuri, ila kutoka Mpui ni mbali, na ukienda huko panga kulala usiku mbili. Kasanga unaweza kulala usiku mmoja. Usiende na kurudi siku hiyohiyo. Saa nzuri za ziwani ni alfajiri na magharibi, na aliyetoka Mpui asubuhi hizo zote mbili anazikosa.

Sasa mwezi. Mavuno yetu humalizika Juni au Julai, pesa ya mahindi inaonekana, na kila mtu anataka kwenda ziwani. Ni wakati uleule ambao ziwa linaweza kuwa limefungwa. Kwa makubaliano ya nchi nne zinazochangia Tanganyika, mwaka 2024 upande wa Tanzania ulisimamisha uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane. Kabla ya kuchanga nauli yoyote kati ya Mei na Agosti, muulize afisa uvuvi wa Halmashauri ya Kalambo, pale Matai, mwaka huo ikoje. Usijifariji kwamba marufuku ni ya wenye nyavu na wewe una ndoana moja tu. Miezi hiyo kusi nayo huvuma kwa nguvu na mawimbi ya Kasanga si ya kuchezea. Upepo huohuo ndio unaosukuma maji ya juu kuelekea kaskazini na kuyapandisha maji ya chini yenye rutuba upande wetu wa kusini, kwa hiyo ukitulia, ziwa la kwetu linakuwa na chakula. Ningechagua mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba, kabla jembe halijatuita.

Ndani ya miezi hiyo, chagua siku kwa kuangalia mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mwezi ukikaribia kujaa, dagaa hawakusanyiki tena kwenye taa, na kwa siku kadhaa maboti hupumzika ufukweni, wenyewe wakishona nyavu. Ukifika usiku wa giza, nahodha hana muda nawe: amekesha majini, asubuhi anauza na kulala. Ukifika mwezi umejaa, anayo boti, anayo nafasi, na bei mnaweza kuzungumza. Muelewane kabla injini haijawashwa: mafuta ni ya nani, mnatoka saa ngapi, mnarudi saa ngapi, na samaki watakaopatikana wanagawanywaje. La mwisho ndilo linaloleta ugomvi zaidi.

Samaki wenyewe: mgebuka hupatikana kwa mshipi wenye ndoana kadhaa zilizofungwa manyoya au kitu kinachong'aa, unaoshushwa na kuvutwavutwa bila chambo. Wenyeji ni mabingwa wa hilo. Mwangalie mmoja wao kwa saa nzima kabla hujashusha wako. Sangara hukaa karibu na miamba na hupenda samaki mdogo aliye hai. Kuhe hukaa penye mchanga, na nyama yake wengi wataiweka mbele ya zote za ziwa hili. Huyo naomba nimtetee. Kuhe dume na jike hulinda vifaranga vyao pamoja, wakiwa wamewazunguka juu ya mchanga. Ukimtoa mmoja, maadui wanalimaliza kundi lote mbele ya macho yako. Maji ya Tanganyika huonyesha mpaka chini. Ukiona wawili wamesimama juu ya wingu la vifaranga, sogeza boti. Na perege jike wa bwawani hubeba mayai na watoto mdomoni. Ukimtoa majini akaanza kuwatema, mrudishe haraka.

Ziwa hili lina kina cha mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal, lakini samaki wanaishi sehemu ya juu tu. Chini kabisa hakuna oksijeni. Huna sababu ya kununua mshipi wa mita mia tatu.

Kuna mambo ambayo mtu wa uwandani huyasahau kwa sababu nyumbani hayapo. Mbu wa ziwani si wachache kama wa Mpui. Beba chandarua hata kama mwenyeji wako anasema kipo. Kichocho kipo penye maji yaliyotulia na majani karibu na makazi, kwa hiyo usiogee pale kinamama wanapofulia. Penye midomo ya mito pana mamba. Kwenye boti vaa jaketi okozi, na kama boti haina, tafuta nyingine. Wafipa wengi tumekulia penye mito ya kuvuka kwa hatua tatu na kuogelea hatujui. Hilo si aibu, aibu ni kulificha ukiwa katikati ya ziwa.

Leseni isikutishe. Sheria ya Uvuvi Namba 22 ya mwaka 2003 na kanuni zake zinautambua uvuvi wa burudani, na utaratibu wake unauliziwa kwa afisa uvuvi, kwetu Laela, kwa ziwani Matai. Ukivuka mpaka kwenda Zambia kumbuka nao wana miezi yao: mito na maziwa yao mengi hufungwa kuanzia Desemba hadi mwisho wa Februari.

Wageni wanalipa fedha nyingi kwenda mito ya Mnyera na Ruhudji, bonde la Kilombero, kuvua samaki mwenye meno ya kutisha, kumpiga picha na kumrudisha majini. Kwetu jambo hilo linaonekana kama kichaa, na sitaki kumlazimisha mtu aliyetembea kilomita kumi arudi mikono mitupu. Lakini nusu ya desturi yao inatufaa: mkubwa wa kutosha kitoweo chukua, wadogo rudisha. Loanisha mikono kabla ya kumshika, umtoe ndoana ukiwa umemshusha karibu na maji.

Hivyo mwaka wa mvuvi wa Mpui unaweza kwenda hivi. Januari hadi Machi palizi inakubana; kambale jioni moja moja inatosha. Aprili na Mei, mvua ikipungua, lambo kila wiki mbili. Mei hiyohiyo na Juni, mtoni. Baridi ikikaza, bwawani saa za mchana. Septemba au Oktoba, ziwani, safari moja, mbili kama mfuko umeruhusu. Novemba shambani. Chukua daftari la shule, kila ukirudi andika tarehe, mahali, saa, hali ya maji, mwezi ulikuwaje, chambo gani kilikubali. Na siku ulizotoka kapa ziandike pia, maana hizo ndizo zitakazokuzuia kurudi mahali pabaya saa mbaya.

La mwisho ni ombi, na linahusu Oktoba, vijito vinapokatika na samaki wote wa mto kubaki kwenye vidimbwi vichache. Ndipo mtu huja na majani ya utupa yaliyotwangwa, akayamwaga, na kwa nusu saa kila kitu kinaelea: mkubwa, mdogo, na ambaye angetaga Novemba. Sheria inakataza sumu ya aina yoyote kwenye uvuvi, na maji yaleyale kesho yake yanachotwa na mtoto aliyetumwa na mama yake. Wewe mwenye ndoana ndiye unayepita ukingoni mara nyingi kuliko mgambo yeyote. Ukikuta utupa umetwangwa kando ya kidimbwi, mwambie mwenyekiti wa kijiji siku hiyohiyo, na afisa uvuvi apigiwe simu kabla aliyeutwanga hajarudi.